Mtoto Hakai Ubaoni Peke Yake

Pasi hutangulia mkasi. Vipande vya vitenge, kanga kuukuu na mabaki ya shuka yaliyotoka kwa fundi nguo wa senta vinanyooshwa kimoja kimoja kwa pasi ya mkaa, mbele kisha nyuma, mpaka kila kimoja kilale bila mkunjo. Mama hana haraka. Akimaliza kipande anakiinua kwenye mwanga, anatazama nyuzi zimelala upande gani, kisha anakiweka kwenye fungu lake. Vyekundu na vya kahawia vinakaa kushoto, vya buluu na kijani katikati, na vyeupe pembeni kabisa, vikiwa vimefunikwa na gazeti visishike vumbi. Kitambaa chenye mkunjo kinaudanganya mkasi, anasema, na ukishakata umekata.

Meza yake iko barazani, katika kata ya Daa, wilaya ya Karatu, mahali ambapo asubuhi ni baridi na mtu hufanya kazi ya mkono akiwa amejifunga shuka mabegani. Mbele ya baraza kuna mahindi na mbaazi. Kazi iliyo mezani majirani wanaijua nusunusu tu. Anatengeneza picha za kitambaa za kufundishia watoto habari za Biblia, na nyingi ya picha hizo hazibaki Daa. Zinapakiwa kwenye basi, zinapita Singida, Nzega, Kahama na Kibondo, hadi mkoa wa Kigoma, kwa walimu wa shule ya Jumapili katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mama mwenyewe aliwahi kufanya kazi huko kama mlezi wa watoto, baada ya Warundi kuingia kwa wingi mwaka 2015. Alipostaafu alirudi kwao na kazi hii.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Ubao mwepesi, au hata kadibodi ya boksi, hufunikwa kwa flaneli, kitambaa chenye manyoya mafupi ambacho wazazi hukijua kwa kumfungia mtoto mchanga. Mgongoni mwa kila picha hushonwa kipande cha flaneli hiyohiyo. Manyoya ya huku yanashikana na manyoya ya kule, picha inakaa bila pini wala gundi, inabanduka bila kuacha alama, na inasogezwa mahali pengine hadithi inapoendelea. Walimu wa shule ya Jumapili wa karne ya 20 waliutumia sana ubao huu, na mijini umeanza kusahaulika baada ya kuja projekta na simu. Kambini haujapoteza thamani. Hautaki umeme, unafanya kazi chini ya mti kama ndani ya kanisa la matofali ya udongo, na mtoto anaruhusiwa kuugusa.

Kazi ya aina hii ina historia ndefu nchini. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Kikristo la Tanganyika walianzisha shirika linalojulikana kwa herufi TCRS, kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi, wakati huo hasa Watutsi waliotoka Rwanda. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yakafuata makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako familia zilifyeka pori na kulima. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Warundi walipomiminika mwaka 2015 ilifurika, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huohuo, na Mtendeli ikafuata Januari 2016. Katika makundi yote haya, watoto walikuwa sehemu kubwa ya waliofika. Wengi wao walisoma chini ya miti kwa muda mrefu kabla madarasa hayajajengwa, na baadhi walikuja bila wazazi, wakapewa familia za kuwalea.

Mama anayajua haya yote, lakini hayasemi akiwa kazini. Anayaingiza kwenye kitambaa.

Hatua ya kwanza baada ya pasi ni kusoma. Leo ni habari ya Musa mchanga, Kutoka sura ya pili, aya kumi za mwanzo. Anaisoma kwa sauti, taratibu, huku penseli ikiwa mkononi, na kila anapokutana na mtu au kitu kinachosogea anachora alama ndogo kwenye daftari. Mama wa Musa. Mtoto. Kikapu. Matete ya mtoni. Dada. Binti Farao. Akimaliza anarudi mwanzo, safari hii akitafuta vitu vya kuacha. Maji hayachorwi, kwa sababu ubao wenyewe ni wa buluu kuanzia katikati kwenda chini. Wajakazi wa binti Farao hawachorwi, kwa sababu ubao ukijaa watu mtoto aliyekaa nyuma hajui amtazame nani. Mwalimu mwenye picha ishirini, anasema, anafanya kazi ya kubandika. Mwenye picha sita anabaki na nafasi ya kuwatazama watoto.

Nikamuuliza, “Mama, na askari wa Farao?” Maana sura ya kwanza inaisha kwa amri ya kuwatupa mtoni watoto wa kiume.

“Askari hawapo, mwanangu.”

Aliendelea kuchonga penseli kwa wembe kabla ya kueleza. Amri ya Farao haifichwi. Mwalimu ataisema kwa sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hadithi bila hiyo haieleweki. Lakini neno likishasemwa linapita, picha inakaa ubaoni somo zima. Katika darasa la kambini huwezi kujua ni mtoto yupi aliyewahi kuona mtu mwenye silaha mlangoni kwao. Ukimbandikia askari pale, hatasikia tena habari ya kikapu. Macho yake yatabaki kwa askari mpaka mwisho.

Baada ya kusoma ni kuchora violezo. Mama anatumia karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa, kwa sababu haipasuki haraka. Kila mtu ana urefu unaozidi kidogo kiganja na vidole vyake vilivyonyooshwa, na mtoto ni mdogo lakini si kwa kadiri ya kweli. Kichwa chake kimeongezwa ukubwa ili aonekane kutoka mbali. Kiolezo kikikamilika anakibandika kwenye ukuta wa jiko, upande wa pili wa uwanja, kisha anarudi mpaka kwenye ukingo wa mahindi na kutazama. Kitu asichokitambua kutoka pale anakichora upya. Siku hiyo ilikuwa zamu ya binti Farao. Kutoka mbali, taji lake lilifanana na mtungi wa maji kichwani. Mama alirudi mezani, akalifuta taji, akampa shanga nene shingoni na bangili pana mikononi, akaenda tena ukingoni. Sasa alikuwa mtu tajiri, na haikuhitajika maelezo.

Ndipo mkasi unashikwa. Ana mikasi miwili. Mkubwa ni wa vitambaa tu, na hauruhusiwi kugusa karatasi kwa sababu karatasi huyafanya makali yake kuwa butu. Mdogo ni wa kona: kwapa, shingo, nafasi kati ya kidevu na bega. Anapokata hausogezi sana mkasi. Mkono wa kulia unatulia mahali pamoja na wa kushoto ndio unaozungusha kitambaa, ili mstari uwe mmoja usiokatika. Nguo ya mama wa Musa inakatwa kwenye kitenge cha kahawia chenye maua madogo. Maua makubwa hayafai, yanaumeza mkono. Ngozi zote ni nyeusi na za kahawia, kwa rangi tofautitofauti, kama watu walivyo. Kati ya tabaka la mbele na flaneli ya nyuma anaweka kitambaa kigumu ambacho mafundi hukitia ndani ya kola za mashati, ili mtu asijikunje akibandikwa.

Zamani alitumia gundi ya unga wa ngano, ambayo ni rahisi kwa sababu ngano inalimwa hapahapa Karatu. Akaiacha. Gundi ya unga ni chakula, na mahali penye chakula kidogo panya hawabagui. Seti moja ilirudi ikiwa na mashimo. Siku hizi anabandika kwa tone dogo tu la gundi nyingine la kushikizia, kisha anapitisha mshono kwa cherehani ya mguu pembezoni mwa kila picha, karibu na ukingo. Mguu wake juu ya pedali hauendi mbio. Kwenye kona anausimamisha kabisa, anainua kikandamizio, anageuza kitambaa sindano ikiwa imezama, anashusha, anaendelea. Ukigeuza picha utaona mshono umezunguka bila kukanyaga nje hata mahali pamoja.

Nyuso huja mwisho, na hizo ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko zinavyoonekana. Kwa kalamu ya wino usiofutika anaweka macho, nyusi, vitundu viwili vya pua, na mstari mfupi wa mdomo ambao haupandi wala haushuki. Nilidhani ni upungufu wa mchoraji mpaka alipobandika mama wa Musa mara mbili, mara ya kwanza akiwa amemkumbatia mtoto, mara ya pili akiwa peke yake ukingoni mwa ubao, ameelekezwa mtoni. Uso ni uleule. Mara ya kwanza ulikuwa umetulia, mara ya pili ulikuwa na huzuni. Uso unaocheka utamsaliti mwalimu wakati wa msiba, anasema, na uso unaolia unamwamrisha mtoto alie. Huu unamwachia mtoto aweke anachokijua.

Kikapu kina kazi yake ya pekee. Kimetengenezwa kwa kipande cha gunia la kahawa, matabaka mawili yaliyoshonwa chini na pembeni na kuachwa wazi juu, ili mtoto aingizwe ndani mbele ya darasa na kutolewa tena. Mama alishona, akamchukua mtoto kwa mkono wa kushoto, akamwingiza. Akakwama kiunoni. Alijaribu tena kwa mkono uleule. Nilimwambia labda kwa mkono wa kulia ingekuwa rahisi. Akatikisa kichwa. Mkono wa kulia wa mwalimu umeshika Biblia, upepo unavuma, na watoto themanini wanamtazama. Mwalimu akihangaika na kikapu, watoto watacheka mahali ambapo hadithi imefika penye kina. Akachukua wembe, akakata uzi mmoja baada ya mwingine upande wote wa kulia, akavuta nyuzi zilizokatika kwa kucha, akapanua mfuko kwa upana wa vidole viwili, akashona upya. Akajaribu tena kwa mkono wa kushoto, bila kutazama. Mtoto akazama mpaka kifuani, uso ukabaki nje. Alimtoa, akamwingiza tena, mpaka vidole vikazoea. Kisha akaweka mshono wa pili juu ya wa kwanza.

Kisha alipanga seti yote ubaoni kwa mara ya kwanza, na hapo niliona kanuni ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo nilichowahi kukisoma. Katika Biblia, mama anakiweka kikapu kwenye matete, halafu dada anasimama kwa mbali aone litakalotokea. Mama wa Daa anaanza na dada. Anambandika kwanza pembeni mwa matete, ametulia, ndipo kikapu kinatoka mikononi mwa mama na kushuka mtoni. Hakuna dakika ambayo mtoto yuko ubaoni peke yake. Binti Farao akija, dada bado yupo. Mama mzazi akiitwa kuja kunyonyesha, ndipo dada anaondolewa. Aliifikisha hoja hiyo kwa mchungaji wake, naye alisoma aya zile na kukubali kwamba maandiko hayamkatazi dada kuwahi kufika.

Kila seti huenda na kadi ya mwalimu. Mama anaiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, Kiswahili chepesi, kwa sababu walimu wengi wa huko ni wakimbizi wenyewe, Wakongo na Warundi, na somo watalitafsiri papo hapo kwa Kirundi au Kibembe. Sentensi ni fupi, moja kwa kila picha. Baada ya kikapu kushuka mtoni kadi inasema: hapa nyamaza kidogo. Baada ya mama kurudishiwa mtoto inasema: usiahidi. Neno hilo la pili limepigiwa mstari. Habari ya Musa inaisha vizuri kwa mama yake, na mwalimu mwenye moyo mwema anaweza kuteleza akamwambia mtoto aliyepotezana na wazazi kwamba naye mama yake atakuja. Mama alimwona mtoto aliyeahidiwa hivyo. Hakunieleza zaidi, na sikumuuliza.

Jumamosi seti inajaribiwa kwa watoto wa jirani. Walikuja na kukaa kwenye mkeka, wakubwa wakiwa wamepakata wadogo, wakamwamkia Mama shikamoo kwa pamoja. Hakufundisha yeye. Alimpa kadi kijana wa usharika ambaye hajawahi kuiona, akaketi pembeni, mgongo kwa ubao, akawatazama watoto. Kwenye daftari alikuwa na mistari sita, mmoja kwa kila picha, na kila macho ya watoto yalipoanza kutangatanga aliweka nukta. Nukta zilijaa kwenye matete. Yalikuwa vipande vitatu, na kijana alitumia muda mrefu kuvipanga. Jioni vitatu vile vikashonwa kuwa kimoja.

Mtoto mmoja wa kiume aliinua mkono na kuuliza kama yule dada, siku nzima kule mtoni, alikula nini. Wenzake walicheka. Mama hakucheka. Aliandika swali lile nyuma ya kadi, chini ya maneno “huenda wakauliza”, na pembeni akaongeza: usijibu haraka, waulize wao wanafikiri nini. Katika kambi ambako chakula ni mgao wa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, na mgao huo hupunguzwa fedha za wafadhili zinapopungua, swali hilo halitakuwa la kuchekesha.

Kuhusu chakula ana msimamo ambao hauyumbi. Picha zake haziambatani na mgao wa kitu chochote. Haweki pipi kwenye bahasha, haweki daftari wala kalamu, ingawa amewahi kuombwa na watu wema aziweke. Kanuni za maadili ambazo Shirika la Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada walizikubali mwaka 1994 zinasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na mashirika ya kanisa nayo yalizipokea. Mama anaieleza kanuni hiyo kwa namna ya mlezi: mtoto akipewa kalamu kwa sababu amekuja kusikia habari za Mungu, mwenzake ambaye hakuja atajua kwamba kalamu ni ya wale tu. Kalamu igawiwe shuleni, kwa wote. Darasa la Jumapili liwe na kitu chake chenyewe cha kumvuta mtoto. Na watoto wa Kiislamu wakija na rafiki zao, wazazi wao wanaulizwa kwanza. Wengi wanaijua habari ya Nabii Musa na mama yake na dada yake, kwa kuwa Kurani nayo inaisimulia.

Kufungasha nako ni ufundi. Picha ya mwisho ya hadithi inalazwa kwanza, ya kwanza inakuwa juu, ili mwalimu achukue tu bila kupekua. Nyuso zinatazama chini, flaneli juu, na kati ya picha na picha kuna karatasi, kwa sababu flaneli zikigusana njiani manyoya yanachoka. Fungu zima linafungwa kwa utepe wa kanga, linaingia kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, kisha kwenye bahasha ya kitambaa yenye mkanda wa begani. Ndani anaweka mswaki mpya. Si wa meno. Vumbi jekundu la Kasulu likikaa kwenye flaneli, picha huanza kudondoka, na mswaki mkavu ukipitishwa upande mmoja tu huyainua manyoya tena.

Nilimwomba anieleze jinsi seti inavyofanya kazi huko, naye alieleza kwa mikono, akisogeza vitu mezani. Darasa linaanza kabla mwalimu hajaanza, kwa sababu watoto wanawahi, wasichana wakiwa wamebeba wadogo zao mgongoni. Hao hawaambiwi wakaache watoto nyumbani. Wadogo wanakaa mbele, wakubwa nyuma, na njia inaachwa katikati ili anayetaka kutoka atoke bila kuruka wenzake. Mlango haufungwi. Watu wazima wanakuwa wawili, siyo mmoja. Ubao unaegemezwa ukiwa umelala kidogo kwa nyuma, usipate jua usoni wala upepo mgongoni. Kila mtoto anasalimiwa kwa jina, na mwalimu asiyejua jina anauliza, wiki inayofuata awe analijua. Kisha wimbo wenye kupiga makofi, maana mtoto aliyepiga makofi na wenzake anajua tayari kwamba yumo. Wakati wa sala hakuna anayeamrishwa kufumba macho. Kuna watoto ambao giza, hata la kope zao wenyewe, si mahali pa kukaa.

Ndipo hadithi. Ikiisha, mwalimu anaondoa picha zote na kuziweka mezani, na watoto wanaisimulia wao, kila mmoja akibandika picha moja. Mama anasema hapo ndipo hasa somo lilipo, na yaliyotangulia ni maandalizi. Anakumbuka msichana aliyekaa majuma mengi bila kusema neno, akaja siku moja mbele, akamchukua dada wa Musa na kumbandika, si kwa mbali penye matete, ila karibu kabisa na kikapu, kitambaa kikigusa kitambaa. Mwalimu hakumsahihisha. Kadi za Musa zilizoandikwa baada ya siku ile zina mstari mmoja zaidi: popote atakapomweka dada, mwache.

Walimu nao humrekebisha Mama. Ujumbe huja kwa simu, mfupi, bila kuzunguka. Njano inafifia, tumia nyingine. Utepe ni mfupi. Mikono ya watu iliyonyooshwa inakatika, kwa sababu watoto hushika picha hapo. Amezichora upya seti zote tangu ujumbe huo. Kila mkono sasa umelazwa mwilini au umeshika kitu, na hakuna kiungo kinachoning’inia. Anazipokea habari hizi kwa furaha zaidi kuliko shukrani. Shukrani hazimwambii akate wapi, anasema.

Ujumbe mwingine ulikuwa wa kuaga. Mpango wa kuwarejesha Warundi kwao kwa hiari ulianza Septemba 2017, wakaondoka makumi ya maelfu, na mwalimu mmoja alipopanda gari la msafara aliomba aende na bahasha ya begani. Mama alimjibu kwamba begi lilishonewa mkanda kwa ajili hiyo. Katika kambi, swali la kurudi au kubaki linazungumzwa kila jikoni, na watoto wanalisikia. Kuna familia zilizorudi na majirani wakazisema vibaya, na kuna zilizobaki zikasemwa vibaya vilevile.

Ndiyo maana seti iliyo mezani sasa, ya Ruthu, imemchukua muda kuianza. Kitambaa kimeshapigwa pasi, violezo vimeshatazamwa kutoka ukingoni mwa mahindi. Naomi ana kanga ya kahawia iliyochakaa. Ruthu, mgeni aliyemfuata mama mkwe wake nchi ya watu, amepewa kitenge cha buluu kilicho bora kuliko vyote kwenye fungu. Kisha Mama akachukua kiolezo cha Orpa, yule mkwe mwingine aliyelia, akambusu Naomi na kurudi kwa watu wake, ambaye wahubiri wengi humpita haraka, au humtaja kwa kumlaumu. Akakilaza juu ya kitenge kilekile cha buluu, akazungusha penseli, akakata. Uso wake ameuchora kama wa Ruthu, mstari wa mdomo haupandi wala haushuki. Kwenye kadi, mbele ya jina lake, ameandika: huyu alirudi kwao. Hakukosea.